Maisha ya Jackie Robinson: Subira Yake na Kusema Kwake Haki

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, akazifanya rangi zao na lugha zao kuwa miongoni mwa ishara Zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na Aali zake na Masahaba zake.

Amma baad. Katika darsa zetu tumekwisha kuandika habari za wanavyuoni na watu wema wa umma huu, na mara hii tunaandika habari za mtu asiyekuwa Mwislamu, mchezaji mpira wa Marekani aliyekufa katika mwaka 1972. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza, tuna haja gani naye? Jawabu letu ni kuwa Mtume (s.a.w.) aliusifu mapatano ya Hilful Fudhul, nayo yalifungwa zama za jahilia na watu wa jahilia, kwa kuwa walikula kiapo kumsaidia mwenye kudhulumiwa, akasema kuwa lau angeitwa kwa mapatano kama yale baada ya kuja Uislamu angeitikia. Na alipowaamrisha Masahaba wahamie Uhabeshi, aliwaelekeza kwa mfalme Mkristo, kwa sababu mbele yake hakuna anayedhulumiwa. Basi uadilifu ni uadilifu popote utokapo, na mwenye kuufuatilia huchukua mazingatio hata kwa aliye nje ya dini yake.

KUZALIWA KWAKE NA KULELEWA KWAKE

Jina lake khasa ni Jack Roosevelt Robinson. Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji mdogo uitwao Cairo, ulioko katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Jina la mji ni la mji mkuu wa Misri, lakini hali yake ilikuwa mbali sana na Misri: watu weusi wa huko walikuwa wakilima mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno, na katika mgao huo mwenye shamba hakosi kupata na mlimaji hakosi kudaiwa. Wazazi wa mamake walizaliwa utumwani. Baba yake aliwaacha yeye angali mchanga, na mama yake, Bibi Mallie, akabaki na watoto watano, na Jackie ndiye kitindamimba. Katika mwaka 1920 mama huyu akawachukua watoto wake wote kwa treni, akavuka nao nchi nzima mpaka mji wa Pasadena, California, akawalea kwa kufua na kufanya kazi za majumbani mwa watu.

Huko nako hawakuikuta pepo. Majirani wazungu walitaka wahame, na bwawa la kuogelea la manispaa walikuwa hawaruhusiwi ila siku moja tu katika wiki. Kaka yake, Mack Robinson, alikuwa mkimbiaji hodari; katika michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 alitoka wa pili katika mbio za mita 200, nyuma ya Jesse Owens. Aliporejea kwao na medali yake ya fedha, kazi aliyoipata katika mji wake ilikuwa ni kufagia barabara. Jackie aliyaona hayo kwa macho yake, naye ni kijana wa miaka kumi na saba. Alijua tokea hapo kuwa nchi yaweza kumpigia mtu makofi uwanjani, kisha ikampa ufagio akitoka nje.

Alisoma katika chuo cha Pasadena, kisha katika chuo kikuu cha UCLA, na huko alikuwa mwanafunzi wa kwanza kuipatia heshima skuli yake katika michezo minne: besiboli, mpira wa kikapu, mpira wa Kimarekani na riadha. Aliacha chuo katika mwaka 1941 kabla ya kupata shahada, ili amsaidie mama yake.

JESHINI

Katika mwaka 1942 aliitwa jeshini, na mwaka 1943 akapewa cheo cha luteni. Jeshi la Marekani la siku zile lilikuwa likipigana na Hitler aliyejigamba kwa ubora wa damu yake, na lenyewe limewatenga askari weusi mbali na askari weupe. Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya Camp Hood, Texas, Luteni Robinson alipanda basi, dereva akamwamrisha aende akakae nyuma. Akakataa. Wakaitwa polisi wa kijeshi, yakatokea maneno makali baina yake na maafisa, na mwisho akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa utovu wa adabu na kuasi amri. Kesi ilisikilizwa mwanzo wa mwezi wa Agosti, na maafisa tisa waliokaa kuhukumu wakamwona hana hatia. Kikosi chake cha vifaru kilikwenda Ulaya bila yeye, na kabla ya mwaka kwisha akatoka jeshini kwa heshima.

Tumelitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu litatufaa mbele. Msomaji na akumbuke kuwa mtu huyu hakuwa mpole kwa maumbile. Alikuwa mwepesi wa hasira, mwenye kuijua haki yake, na asiyeinamisha kichwa.

MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Besiboli ni mchezo wa mpira mdogo unaorushwa na kupigwa kwa gongo, unafanana kidogo na kriketi tuijuayo sisi. Kwa Wamarekani wa zama zile ndio uliokuwa mchezo wa taifa. Katika ligi kuu za mchezo huu, tangu mwaka 1884 hakuchezeshwa mtu mweusi hata mmoja. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye klabu walikubaliana kwa siri na kunyamaza, na mapatano ya namna hii ni magumu kuyaondoa kuliko sheria, maana ukiwauliza husema kuwa hayapo. Watu weusi wakaunda ligi zao wenyewe, na mwaka 1945 Robinson alichezea klabu mojawapo, Kansas City Monarchs.

Katika mwaka 1943 msanii na mwanasheria mweusi, Paul Robeson, ambaye ujanani mwake alicheza mpira wa Kimarekani kwa malipo, alikwenda mbele ya wakuu wa besiboli akawataka waufungue mlango. Wengine wengi pia, waandishi wa magazeti ya watu weusi na vyama vya wafanyakazi, walikuwa wakiupiga hodi mlango huo kwa miaka. Msomaji alihifadhi jina la Robeson, tutalirudia.

Aliyeufungua mlango ni mzungu mmoja, Branch Rickey, mkuu wa klabu ya Brooklyn Dodgers ya New York. Alikuwa Mkristo mshika dini, hata hakuwa akihudhuria mechi siku ya Jumapili. Alikuwa pia mfanya biashara, akijua kuwa mchezaji mweusi hodari ataleta ushindi na watazamaji. Nia ya mtu aijuaye ni Mola wake. Tarehe 28 Agosti 1945 alimwita Robinson, akakaa naye saa kadhaa akimwigizia matusi yote atakayotukanwa, ya hotelini, ya uwanjani na ya njiani, akamtaka ahadi moja: asijibu. Asipige, asitukane, wala asifungue mdomo kwa muda wa miaka mitatu. Alimwambia kuwa akijibu mara moja tu, maadui watasema kuwa mtu mweusi hawezi kucheza na wenziwe, na mlango utafungwa kwa miaka mingine mingi. Robinson alifikiri, akakubali.

MIAKA YA SUBIRA

Katika mwezi wa Februari 1946 alimwoa Bibi Rachel Isum, mwanamke msomi aliyekuwa nguzo yake mpaka kufa kwake. Mwaka ule alichezea klabu ndogo ya Montreal huko Canada, iliyo chini ya Dodgers. Walipokwenda Florida kufanya mazoezi waliteremshwa kwenye ndege ili wapewe nafasi wengine, na katika mji mmoja ilibidi aondoke upesi kwa kuogopewa asije akadhuriwa na wenyeji.

Tarehe 15 Aprili 1947, katika uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, alicheza mara ya kwanza katika ligi kuu. Kabla ya hapo baadhi ya wachezaji wenziwe walikuwa wameandika barua ya kukataa kucheza pamoja naye, na mmoja wa waliokataa kuitia saini ni Pee Wee Reese, mtu wa Kentucky, jimbo la kusini. Wiki moja baadaye klabu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn, na mkuu wa wachezaji wake, Ben Chapman, aliwaongoza watu wake katika kumtukana Robinson matusi mabaya ya rangi tangu mwanzo wa mchezo. Robinson alikaribia kuvunja ahadi. Alifikiri kuvuka uwanja, ampige mmoja wao, kisha aende zake nyumbani. Hakufanya. Siku ya tatu mchezaji mwenziwe Eddie Stanky, ambaye hapo mwanzo hakumfurahia, alishindwa kuvumilia, akawapigia kelele wale Wafiladelfia kuwa ni waoga, wanamtukana mtu wanayejua kuwa hawezi kujibu. Hivyo matusi waliyokusudia yawatenganishe wachezaji yaliwaunganisha.

Hoteli zilimkataa, barua za kutishia kumuua zikamfikia, na wapinzani wakamkanyaga kwa viatu vyenye meno. Yeye alijibu kwa kucheza. Mwaka ule aliongoza ligi yake kwa kukimbilia vituo kabla mrusha mpira hajatanabahi, jambo ambalo katika mchezo huo huitwa wizi, nao ni wizi wa halali. Akachaguliwa kuwa mchezaji mpya bora wa mwaka. Waliokwenda kuitazama Brooklyn kwenye uwanja wake walizidi milioni 1.8, na wenye klabu nyingine, ambao dhamiri zao zilikuwa hazijaamka kwa haki, ziliamka kwa hesabu ya mapato.

Subira ya namna hii ndiyo iliyomfanya apendwe na wengi. Lakini ilimla ndani kwa ndani. Alipotoka katika mchezo nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, naye hajafika miaka arubaini.

KUFUNGULIWA KWA ULIMI WAKE

Kabla ya msimu wa mwaka 1949 Rickey alimfungua ahadi ile. Robinson akaanza kusema. Akawabishia waamuzi waliomdhulumu, akawajibu waliomtukana, akazisema wazi hoteli zilizowabagua wachezaji weusi. Na katika mwaka huo huo alicheza kuliko miaka yote, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Magazeti yaliyokuwa yakimsifu jana yakaanza leo kumwita mtu wa ghadhabu, asiyeshukuru, mwenye kujiona.

Enyi wasomaji, hapa pana jambo la kulizingatia. Mtu ni yule yule na dhuluma ni ile ile. Kilichobadilika ni kuwa sasa anajibu. Basi wale walioudhika kwa kujibu kwake, je, walikuwa wakiisifu subira yake, au walikuwa wakiifurahia raha yao wenyewe? Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ametubainishia kuwa hapendi maneno mabaya kutangazwa, ila kwa yule aliyedhulumiwa. Na katika Surat Shuura imeelezwa kuwa mwenye kujitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama, lawama ni juu ya wanaowadhulumu watu. Kisha baada ya hapo ndipo ikasifiwa subira na usamehevu kuwa ni katika mambo makubwa ya kuazimiwa. Tazameni mpango huu. Kusamehe ni haki ya aliyedhulumiwa, akitaka hutoa. Mwenye kudhulumu hana haki ya kukudai.

USHAHIDI WA MWAKA 1949

Sasa tunafika kwenye jambo zito la maisha yake, wala hatutalificha, kwani kuandika maisha ya mtu kwa sifa tupu ni kumdanganya msomaji.

Mwezi wa Aprili 1949 Paul Robeson alihutubia mkutano wa amani huko Paris. Wakala wa habari ukatangaza kuwa amesema watu weusi wa Marekani hawatapigana vita na Urusi. Waliokuja kuyachunguza maisha yake wameonyesha kuwa aliyoyasema hayakuwa sawasawa na yaliyotangazwa. Lakini Marekani ya siku hizo ilikuwa imeingiwa na hofu ya ukomunisti, na Kamati ya Bunge ya kuchunguza nyendo zisizokuwa za Kimarekani ikatafuta mtu mweusi mwenye kupendwa aje amkanushe. Ikamwita Robinson.

Alijua ni mtego: akienda atatumiwa dhidi ya mtu mweusi mwenziwe, asipokwenda ataambiwa ni mwenziwe Robeson. Akaenda, tarehe 18 Julai 1949. Katika maneno yake mlikuwa na mambo mawili. La kwanza, kuwa ikiwa kweli Robeson amesema yaliyonukuliwa, basi ni maneno ya kipuuzi. La pili, na ndilo alilolirefusha, kuwa malalamiko ya watu weusi juu ya dhuluma hayakubuniwa na wakomunisti. Ni kweli, na yatabaki kuwa kweli hata kama ukomunisti haupo duniani. Magazeti makubwa yakalichukua la kwanza wakalipamba, na la pili wakalifunika.

Robeson yalimpata makubwa. Katika mwaka 1950 alinyang'anywa pasipoti, hakurudishiwa mpaka 1958, na milango ya kazi ikamfungia. Naye ndiye yule aliyekwenda mwaka 1943 kumwombea Robinson na wenziwe mlango ufunguliwe. Tuna amri ya Mola wetu katika Suratul Hujuraat, kwamba ikitufikia habari kwa mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Robinson alijuta. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka aliokufa, alieleza kuwa lau angeitwa tena asingekubali, kuwa heshima yake kwa Robeson imezidi, na kuwa yeye mwenyewe amekuwa mwenye hekima zaidi na mwenye kuukaribia ukweli wa uharibifu wa Marekani. Kurejea kwenye haki mbele za watu wote, na mtu yu katika umaarufu wake, si jambo jepesi.

BAADA YA KUACHA MPIRA

Klabu yake ilitwaa ubingwa wa nchi nzima mwaka 1955, na mwanzo wa 1957 akastaafu. Akawa mkubwa katika kampuni moja ya kahawa ya New York, na wakati wake mwingi akautoa kwa NAACP, chama kikuu cha kutetea haki za watu weusi, akizunguka miji kukichangishia fedha. Makanisa ya watu weusi yalipochomwa moto Georgia katika mwaka 1962, Dk. Martin Luther King alimtaka aongoze mchango wa kuyajenga upya, naye akaongoza. Mwaka 1963 alikwenda Birmingham, Alabama, siku ambazo waandamanaji walikuwa wakiachiliwa mbwa. Katika mwaka 1964 alishiriki kuanzisha benki ya watu weusi huko Harlem. Riba kwetu ni haramu na hatuna la kuisifu. Tunalolisifu ni mtu kutaka watu wake wasimame kwa mali yao.

Sisi watu wa Kenya tuna deni naye. Katika mwaka 1959 marehemu Tom Mboya alikwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wetu, wakati ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa imewabania elimu ya juu. Nafasi zilipatikana, ikakosekana nauli. Jackie Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia saini barua ya kuwaomba Wamarekani wachange, na mwezi wa Septemba mwaka ule wanafunzi 81 wakawasili New York kwa ndege iliyokodiwa. Wengi katika safari zile walirudi kuijenga nchi hii baada ya uhuru. Na mwanawe, David, baada ya baba yake kufa alihamia Tanzania akawa mkulima wa kahawa.

Si kila rai yake ilikuwa sawa. Mwaka 1960 alimuunga mkono Nixon katika uchaguzi, kisha akavunjika moyo naye. Alibishana gazetini na Malcolm X, aliyemlaumu kuwa anawatumikia mabwana wazungu. Naye Malcolm, alipokuwa gerezani katika mwaka 1947, alikuwa akifuatilia michezo ya Robinson kwa shauku kubwa. Na bondia Mwislamu Muhammad Ali alipokataa kwenda vita vya Vietnam katika mwaka 1967, Robinson alimlaumu kuwa anawavunja moyo askari weusi, na mwanawe mkubwa alikuwa amejeruhiwa katika vita vile. Lakini mwaka uliofuata, wanariadha weusi walipotaka kuisusia Olimpiki, na nchi nyingi za Kiafrika zikatishia kutokwenda ikiwa serikali ya makaburu ya Afrika Kusini itaruhusiwa, yeye alisimama upande wa wenye kususia, akauheshimu ujasiri wa vijana wenye kuacha medali kwa ajili ya haki. Afrika Kusini ikazuiwa. Na Oktoba 1968, Mexico, Tommie Smith na John Carlos walipoinua ngumi zao juu ya jukwaa la washindi, wakafukuzwa katika michezo.

MWISHO WAKE

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya mitihani. Kisukari na maradhi ya moyo vilimshika, macho yakaingia kiza. Mwanawe mkubwa, aliyetumbukia katika madawa ya kulevya baada ya vita kisha akajinasua, alikufa katika ajali ya gari mwezi wa Juni 1971. Tarehe 15 Oktoba 1972 aliitwa Cincinnati kutunukiwa heshima mbele ya maelfu ya watu, kwa kutimia miaka 25 tangu kuingia kwake ligi kuu. Akashukuru, kisha pale pale akasema kuwa atafurahi zaidi siku atakapoona mtu mweusi akiongoza klabu. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba 1972, akafa, naye ana miaka 53. Kiongozi mweusi wa kwanza wa klabu, Frank Robinson, ambaye hawana udugu, alishika kazi mwaka 1975.

MABISHANO YALIYOBAKI NYUMA YAKE

Katika mwaka 1997 nambari yake, 42, iliondolewa katika klabu zote ili asiivae mwingine, na sasa kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi huivaa kwa kumkumbuka. Heshima hii ni nzuri. Lakini watu wengi wamemchukua Robinson wa miaka mitatu tu, yule aliyenyamaza, wakamwacha wa miaka mingine yote.

Mwaka 1996 mchezaji Mwislamu wa mpira wa kikapu, Mahmoud Abdul-Rauf wa klabu ya Denver, alisimamishwa kwa kukataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa, akaona bendera ile imefunika dhuluma. Baadaye wakapatana asimame na ainamishe kichwa akiomba dua. Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alikaa, kisha akawa anapiga goti wakati wa wimbo, kwa sababu ya watu weusi kuuliwa na polisi. Nchi ikagawanyika. Wengine walisema ameitukana bendera na waliokufa kwa ajili yake, na mwaka 2017 Rais Trump akawataka wenye klabu wawafukuze wenye kufanya hivyo. Wengine walisema kuwa hakumpiga mtu wala hakuvunja kitu, na kuwa malalamiko yasiyomuudhi yeyote hayasikiwi na yeyote. Baada ya msimu ule hakuna klabu iliyomwajiri. Alipouawa George Floyd katika mwezi wa Mei 2020, mkuu wa ligi hiyo alikiri kuwa walikosea kutowasikiliza wachezaji.

Katika mabishano hayo kulikuwa na waliosema kuwa Kaepernick angemwiga Jackie Robinson, aliyeishinda dhuluma kwa kucheza tu. Hawakukisoma kitabu chake. Humo Robinson, aliyevaa sare ya jeshi la nchi ile, ameandika kuwa yeye hawezi kusimama akauimba wimbo wa taifa wala kuipigia saluti bendera, kwa kuwa anajua kuwa ni mtu mweusi katika ulimwengu wa wazungu. Aliandika hayo miaka arubaini na minne kabla ya goti la Kaepernick.

Wako pia wanaosema kuwa michezo isichanganywe na siasa. Tunawajibu kuwa waliomfungia mtu mweusi mlango kwa zaidi ya miaka sitini ndio walioichanganya. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) ya kuondoa uovu kwa mkono, na asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo, haikuvua uwanja wa mpira wala soko wala msikiti.

NA SISI JE?

Ndugu zangu, ni rahisi kuilaani dhuluma iliyoko ng'ambo ya bahari. Tujitazame wenyewe hapa pwani. Si wako kati yetu wanaokataa posa ya kijana mcha Mungu, mwenye kazi na elimu, kwa kuwa babu yake alikuwa mtumwa? Si wako wanaomwita mwenzao, aliyesali naye safu moja, kwa jina la kumdhalilisha kwa nywele zake au kwa kabila lake la bara? Tunasoma kila mwaka maisha ya Mtume (s.a.w.), na tunapita juu ya hotuba yake ya kuaga, alipotufahamisha kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa uchamungu. Sahaba mtukufu Abu Dharr (r.a.) alipomtahayarisha mwenziwe kwa mama yake, Mtume alimwambia kuwa angali na jahilia ndani yake, na yeye ni katika waliotangulia kusilimu. Basi sisi tuko wapi?

Na wale wanaodhulumiwa kwa nasaba zao miongoni mwetu, wakisema, tusiwaambie kuwa wanaleta fitina katika mji. Kuwaambia wasubiri ni kuwadai kitu ambacho ni chao. Aliyewadhulumu ndiye wa kuambiwa aache, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kumsaidia ndugu yetu aliye dhalimu ni kumzuia na dhuluma yake. Na anayetaka kuanza, na aanze na posa itakayomjia nyumbani kwake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu na kiburi cha damu, atuwezeshe kuisema haki hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu, na atujaalie kuwa mashahidi wa uadilifu. Wabillahi tawfiq.